Saa ya otomatiki ikisimama, jua ugonjwa kabla ya kumlipa fundi

Na Mwandishi Wetu

SAA ya marehemu baba ilisimama ikiwa mkononi mwangu, saa 4:20 asubuhi, nikiwa ndani ya basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Sikuwa nimeidondosha wala kuiingiza kwenye maji. Niliitikisa, mshale wa sekunde ukatembea hatua chache, kisha ukagoma.

Ni Seiko 5, ile ambayo kitufe chake cha kutegea kimejificha pembeni kwenye namba 4. Haina betri. Baba aliinunua kwa malipo ya pili ya kahawa na akaivaa miaka yote, shambani, kwenye mikutano ya chama cha ushirika na hata siku za kwenda hospitali. Alipofariki, mama aliitoa kwenye kabati akanikabidhi.

Kesho yake niliipeleka kwa fundi mmoja wa barabarani. Hakuniuliza chochote. Aliifungua kwa ncha ya kisu, akadondoshea mafuta kutoka kwenye kichupa, akaipuliza, akaifunga. Dakika kumi tu, Sh10,000, nikaondoka saa ikitembea.

Ilitembea kwa siku tisa. Siku za mwisho ilikuwa inakimbia kama inafukuzwa, ikizidi karibu nusu saa kila siku, kisha ikasimama tena. Nilipoipeleka kwa fundi wa pili, mzee mwenye meza yake ndani ya duka la mikanda na miwani, nilielewa kwamba Sh10,000 ile sikuwa nimelipia matengenezo. Nilikuwa nimelipia mafuta ya cherehani, na mafuta hayo ndiyo yaliyoongeza ugonjwa.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wanazo saa za aina hii. Wapo waliorithi, wapo walioletewa zawadi na ndugu aliyetoka Dubai au Muscat, na wapo walionunua mnadani. Ni saa inayomfaa mtu wa shamba kwa sababu haihitaji betri wala chaji, na mkono unaofanya kazi ndio unaoijaza. Tatizo linakuja siku inaposimama. Mkulima anayempeleka ng'ombe wake kwa daktari wa mifugo hataki achomwe sindano kabla hajapimwa, lakini mtu huyo huyo akifika kwa fundi saa swali lake la kwanza ni "shilingi ngapi?" Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa wa saa unavyotafutwa, ili ukifika mezani kwa fundi ujue unalipia nini.

Injini inayojazwa na mkono

Ndani ya saa ya otomatiki kuna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachoitwa rota. Ukisogeza mkono, rota inazunguka. Katika Seiko rota husukuma mkono mdogo wenye kucha mbili, na kucha hizo huvuta gurudumu moja la meno kuelekea upande mmoja tu, hata rota izunguke kulia au kushoto. Seiko walianza kutumia mtindo huo mwaka 1959, na umebaki kuwa moja ya sababu za saa zao kuwa nafuu na imara, kwa kuwa vipande ni vichache.

Gurudumu lile hukaza springi kuu iliyojikunja ndani ya kikopo. Springi inapojikunjua inasukuma gia, gia zinasukuma uma mdogo wenye meno mawili ya rubi, na uma unalipiga gurudumu la mizani. Mizani huenda huku na huku ikirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Hiyo ndiyo inayohesabu muda. Katika injini nyingi za Seiko 5 mizani hupiga mara 6 kwa sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa moja na mara 518,400 kwa siku. Piga hesabu ya mwaka mzima utapata zaidi ya mapigo milioni 189.

Hakuna mashine ya kusaga wala pikipiki inayofanya kazi kiasi hicho bila kubadilishiwa mafuta. Hata hivyo, watu huvaa saa miaka 15 au 20 bila kuifungua, kisha wanashangaa inaposimama. Mafuta ya saa ni kidogo mno, tone unaloweza kulibeba kwenye ncha ya sindano, na kadiri miaka inavyopita yanakauka na kuwa kama gundi. Mafundi wengi hushauri saa isafishwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kwa maisha yetu sidhani kama kuna wengi wanaofuata ratiba hiyo, lakini miaka 20 ni mingi mno.

Huenda haijaharibika

Kabla ya kupanda gari kwenda mjini, hakikisha kwanza kwamba saa imeharibika kweli. Springi ikijaa huweza kuendesha saa ya aina hii kwa takriban saa 40. Ikikaa bila kuvaliwa zaidi ya hapo, inasimama, na huo si ugonjwa.

Wapo wanaovaa saa Jumapili tu kwa ajili ya kanisani au Ijumaa kwa ajili ya msikitini. Saa hiyo itakutwa imesimama kila wiki. Vilevile mzee aliyelala kitandani kwa maradhi ataona saa yake imekufa mkononi, kwa kuwa mkono usiosogea haujazi springi. Nimewahi kusikia watu wakiipa tukio hilo maana ya kutisha. Ni springi tu iliyokwisha.

Seiko 5 nyingi za zamani, kama zenye injini za 7009 na 7S26, hazijazwi kwa kuzungusha kitufe. Mtu anaweza kukizungusha hadi kidole kiume asipate kitu. Ishike saa ikiwa imelala, uso ukitazama juu, uichezeshe kushoto na kulia kama mtu anayechekecha unga, kwa nusu dakika hivi, kisha ivae na uendelee na kazi. Usiikung'ute kama kipimajoto. Saa mpya zenye injini ya 4R36, zikiwemo Seiko 5 Sports zilizoanza kuuzwa mwaka 2019, zinajazwa kwa kitufe pia.

Ikitembea baada ya hapo, ivae siku nzima, ivue usiku, uangalie asubuhi. Ikifika asubuhi bado inatembea, huenda huna haja ya fundi. Ikisimama saa mbili au tatu tu baada ya kuivua wakati ulikuwa nayo mkononi ukilima mchana kutwa, maana yake springi haijazwi ipasavyo, au inajazwa lakini nguvu inapotelea njiani. Kumbuka jambo hilo ukamweleze fundi, kwa sababu litampunguzia kazi kubwa.

Kuna dalili nyingine ambazo hata asiye fundi anaweza kuziona. Ukungu chini ya kioo unamaanisha maji yameingia, na hapo usisubiri mwisho wa mwezi. Kutu haina subira, na ikishaanza kula vyuma gharama inapanda kila wiki. Ukisikia kitu kinagonga ndani unapoitikisa, inawezekana skrubu ya rota imelegea. Iache kuitikisa na usiivae, maana skrubu ikitoka inaweza kuingia kwenye gia. Na saa iliyosimama mara tu baada ya kuanguka sakafuni, yaelekea ekseli ya mizani, ambayo ncha zake ni nyembamba kuliko unywele, imepinda au imevunjika.

Kalenda nayo ina mambo yake. Usibadilishe tarehe au siku kwa kitufe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri. Muda huo gia za kalenda zimeshikana zikijiandaa kugeuza tarehe, na ukilazimisha unaweza kuvunja jino. Saa haitofautishi kwa macho usiku na mchana, kwa hiyo kama huna uhakika, zungusha mishale mbele mpaka tarehe ibadilike. Hapo utajua ni saa sita usiku kwa hesabu ya saa hiyo. Wapo wazee wanaotega mishale isome saa za Kiswahili moja kwa moja, namba 12 ikiwa ni saa kumi na mbili. Saa zao hubadili tarehe jua linapozama au linapochomoza, na wajukuu huwaambia imeharibika. Haijaharibika.

Mezani kwa fundi wa pili

Mzee yule hakuishika saa yangu mara moja. Nilimsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mara ya mwisho imefunguliwa lini, na nani?"

Niliona aibu kidogo, lakini nilimweleza ukweli wote, mpaka kichupa cha mafuta. Aliguna. Akaniuliza kama ilisimama ghafla au ilianza kwa kupoteza dakika, kama ilianguka, na kama ilikimbia kabla ya kusimama. Hapo kwenye kukimbia aliweka kalamu chini.

Saa inayokimbia kwa dakika nyingi kila siku ina sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni sumaku. Springi ya unywele ikipata sumaku, mizunguko yake inashikana, inakuwa kama imefupishwa, na mizani inaharakisha. Sumaku hiyo inatoka kwenye spika za redio, kwenye vikava vya simu vinavyojifunga kwa sumaku na kwenye baadhi ya mota. Sababu ya pili ni mafuta yaliyorukia springi hiyo na kuigandisha vivyo hivyo.

Kipimo chake kilinifurahisha kwa urahisi wake. Alitoa dira ndogo, ile ya wanafunzi, akaiweka mezani na kuisogeza saa karibu yake polepole. Sindano ya dira haikutikisika. Kama saa ingekuwa na sumaku, sindano ingecheza, naye angeipitisha kwenye kifaa cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika moja. Kwa kuwa haikucheza, yalibaki mafuta.

Kisha aligeuza saa na kusoma mgongo wake. Kwenye Seiko za zamani kuna namba mbili za kuangalia. Moja ina tarakimu nne, kistari, na nyingine nne, na zile nne za mwanzo ndizo aina ya injini. Yangu ni 7009. Fundi asiyeisoma namba hiyo atakununulia kipuri kwa kubahatisha. Namba ya pili ni ya mfululizo, na tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O au sifuri, Novemba N na Desemba D. Yangu inaanza na 83, yaani Machi 1978 au Machi 1988. Mama anakumbuka baba aliirudi nayo nyumbani mwaka niliokuwa nikianza darasa la kwanza, kwa hiyo ni 1988.

Aliifungua kwa ufunguo wake maalumu, akavaa lenzi jichoni. Kitu cha kwanza kuguswa kilikuwa mizani. Aliisukuma kidogo kwa ncha ya kijiti, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, kisha ikachoka. Akasema ekseli nzima. Hapo tayari ugonjwa mmoja mkubwa na wa gharama ulikuwa umeondolewa kwenye orodha.

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo ningependa kila msomaji aikumbuke, maana inatenganisha fundi anayetafuta na fundi anayebahatisha. Alitoa rota, akashika skrubu ya gurudumu la kukazia springi kwa bisibisi na kulizungusha polepole, springi ikajaa bila kupitia kwenye rota. Kama saa ingeanza kutembea vizuri, ingemaanisha injini ni nzima na tatizo liko kwenye sehemu ya kujijaza tu. Haikuanza. Kwa hiyo nguvu ilikuwepo kwenye springi lakini haikuwa inafika kwenye mizani.

Akaiachia springi taratibu mpaka ikaisha nguvu, kwani kutoa uma wakati springi imejaa kunaweza kuvunja meno. Akatoa mizani na uma, akakaza springi kidogo sana. Gia safi zikiguswa hivyo huzunguka zenyewe kwa wepesi, na zinapofika mwisho hurudi nyuma kidogo. Zangu zilisogea kama mkokoteni kwenye tope. Alinipa lenzi nikaangalia. Kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia kwenye kila rubi, na juu yake mafuta ya cherehani yaliyotapakaa kila mahali na kunasa vumbi.

Akakagua pia ule mkono wa kucha mbili. Rota ilipozungushwa, ukucha mmoja uliteleza juu ya meno bila kuvuta. Umechakaa. Hii ilieleza kwa nini hata zamani, baba akiwa hai, alilalamika kuwa saa inasimama akiivua usiku.

Ukaguzi ulichukua kama nusu saa, naye alitoza Sh5,000 ambazo angezikata kwenye bei kama ningekubali matengenezo. Aliandika kwenye karatasi: kusafisha injini nzima, kubadilisha mkono wa kucha, kubadilisha mpira wa mfuniko na wa kitufe, jumla Sh45,000, wiki mbili. Aliandika na namba ya mfululizo ya saa.

Kwa nini bei ni hiyo

Nilimuuliza kwa nini mwingine atafanya kwa Sh10,000. Akanionyesha alichokuwa akikifanya kwenye saa ya mteja mwingine.

Kusafisha maana yake ni kuivunja injini yote, kipande kwa kipande, na kukiosha kila kimoja kwa petroli safi ya kusafishia saa. Mashimo ya rubi yanachokonolewa kwa kijiti cha mti kilichochongwa mpaka kiwe kama sindano, na kijiti kinachongwa upya kila kinapochafuka. Vipande vinakaushwa, vinakaguliwa kwa lenzi, kisha vinarudishwa huku vikitiwa mafuta ya aina zaidi ya moja, mazito kwenye springi na mepesi kwenye gia za kasi. Mafuta hayawekwi kwenye meno ya gia, na springi ya unywele haiguswi kabisa na mafuta. Yule wa kwanza alifanya kinyume cha yote hayo kwa tone moja.

Baada ya kufungwa, saa huwekwa kwenye mashine inayosikiliza mapigo na kuonyesha inazidi au inapungua sekunde ngapi. Fundi wangu anayo. Wasio nayo hulinganisha na saa ya simu kwa siku kadhaa, nayo ni njia halali, ila inachukua muda. Usitarajie usahihi wa saa ya betri. Kwa injini ya 4R36 Seiko wenyewe wanaruhusu izidi hadi sekunde 45 au ichelewe hadi sekunde 35 kwa siku. Saa ya zaidi ya miaka 30 ikichelewa sekunde 20, usimgombeze fundi.

Kipuri kilitoka kwenye mkebe wa maziwa uliojaa saa zilizokufa. Huo mkebe ndio mtaji wake. Hununua saa mbovu za otomatiki kutoka kwa wachuuzi wa mitumba na kwa watu wanaohama nyumba, na kutoka saa tatu zilizokufa anaweza kupata vipuri vya kuifufua ya nne. Wafanyabiashara wadogo wanaopita minadani na walione hilo. Seiko, Orient au Citizen ya otomatiki iliyosimama bado ina bei, hasa kama mizani yake inacheza na haina kutu. Kabla ya kununua, angalia isiwe ya bandia. Zipo nyingi zenye jina hilo usoni, na ndani unakuta injini nyingine kabisa isiyolingana na namba ya mgongoni.

Aliniambia pia kwamba hatengenezi riziki yake kwa saa kama yangu. Betri na mikanda ndivyo vinavyolipa kodi ya meza, kwa sababu ni kazi ya dakika tano na mteja analipa hapo hapo. Kazi ya otomatiki inakula siku, na wateja wengi wanaikimbia wakisikia bei. Ndiyo maana vijana waliojifunza kwake wameishia kubadilisha betri na vioo vya simu. Binafsi naona kosa ni letu wateja pia. Tunapokataa kulipia ukaguzi, tunamlazimisha fundi abahatishe.

Lini uache

Si kila saa inastahili gharama. Kama kutu imeingia kwenye gia na springi ya unywele, au ekseli imevunjika na kipuri hakipatikani, fundi mkweli atakwambia. Kipimo changu ni rahisi: uliza bei ya saa ya aina ile ile iliyo nzima, na kama matengenezo yanapita nusu yake, fikiri mara mbili. Isipokuwa kama ni ya urithi, hapo kila mtu ana hesabu yake.

Ipo pia njia ya kubadilisha injini nzima. Kampuni ya Seiko huuza injini inayoitwa NH36, na hukaa ndani ya saa nyingi zilizokuwa na 7S26. Fundi lazima ahakikishe vijiti vya uso wa saa na cha kitufe vinalingana. Kwa saa ya kazi ni suluhisho zuri. Ukikubali, dai injini yako ya zamani urudishiwe, kwa sababu ni mali yako na ina soko.

Hilo la kurudishiwa ni muhimu hata kwa kipuri kimoja. Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni ya watu wanaoamini saa yao ilitolewa vyuma vizuri ikawekwa vibovu. Wengine ni dhana tu, wengine wana haki. Dawa ni kuandikishiana. Piga picha ya injini kwa simu mfuniko ukiwa wazi, namba ya mfululizo iwe kwenye risiti, vipuri vibovu virudi mkononi mwako, na muda wa dhamana uandikwe. Fundi anayekasirika kwa kuombwa hayo, chukua saa yako uondoke.

Kwa wanaovaa saa shambani, vueni kabla ya kushika jembe, shoka au nyundo. Kutembea na kupalilia kwa mkono hakuna shida, ila kishindo cha jembe kwenye ardhi ngumu kinapita moja kwa moja kwenye ncha za mizani. Bomba la kupulizia dawa nalo huvujia kwenye kiwiko na kushuka hadi kwenye saa. Maandishi ya kuhimili maji mita 30 hayamaanishi kuzama mita 30. Yanamaanisha mvua na kunawa, na hata hayo ni wakati mipira ikiwa mipya. Mpira wa miaka kumi umekauka kama ganda la mhogo, na hakuna maandishi yatakayozuia maji.

Wiki mbili zilipotimia nilirudi. Mzee alinipa saa pamoja na bahasha ndogo yenye ule mkono wa kucha na mipira miwili iliyokatika. Risiti ina dhamana ya miezi sita. Nilimlipa Sh40,000 zilizobaki.

Niliivaa nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Jioni mama alisubiri taarifa ya habari ya redioni ya saa mbili, akaomba mkono wangu, akautazama chini ya taa.

"Mwanangu, imebaki nyuma."

Ilikuwa imechelewa dakika moja na nusu, ndani ya siku tano.

"Ya baba yako ilikuwa hivyo hivyo," akasema, akaurudisha mkono.